Risala ya Walimu kwa Mkuu wa Wilaya Kuhusu Kunyimwa Mikopo ya Kumalizia Madeni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Ulipokuja mara ya mwisho tulikuomba madawati, na madawati yakaja. Ahsante. Safari hii tuna jambo ambalo mwalimu huona haya kulisema mbele ya wanafunzi wake, ndiyo maana tumeomba watoto waruhusiwe kwanza. Walimu wa kata hii tunadaiwa. Tunataka kulipa, na tukienda benki kutafuta namna ya kulipa tunarudishwa.

Mheshimiwa, mwenzetu mmoja ameturuhusu tusome hapa hati yake ya mshahara bila kumtaja jina. Amebakiza miaka mitatu kustaafu. Mshahara wake wa msingi ni shilingi 900,000. Hapo zinatoka 45,000 za pensheni ya PSSSF, 27,000 za bima ya afya, 18,000 za chama cha walimu na 91,750 za kodi. Rejesho la mkopo wa benki aliojengea nyumba ni 385,000. Zinabaki 333,250, na karatasi inaishia hapo. Nje ya karatasi kuna milioni moja aliyoichukua kwa mkopeshaji wa mtaani, hawa tunaowaita kausha damu, kwa riba ya asilimia 20 kila mwezi. Laki mbili zinakwenda kwenye riba tupu, ile milioni yenyewe haijaguswa. Mama huyo anaishi kwa 133,250 na wajukuu wawili.

Alikwenda benki kuomba milioni hiyo ili aachane na mtu wa mtaani. Rejesho kwa miaka mitatu lilikuwa 36,000 kwa mwezi. Afisa mikopo akapiga hesabu ya theluthi: mtumishi lazima abakiwe na theluthi moja ya mshahara wa msingi, ambayo kwake ni 300,000. Nafasi iliyokuwepo ni 33,250. Akanyimwa kwa upungufu wa shilingi 2,750.

Hatuipingi kanuni ya theluthi. Iliwekwa ili mtumishi asirudi nyumbani mikono mitupu, na bila hiyo wapo kati yetu ambao wangeshauza mishahara ya mwakani. Lakini kwa mwenzetu huyu kanuni imelinda karatasi. Benki imeogopa kumkata 36,000, ikamwacha kwa anayemkata 200,000.

Na namna anavyokatwa, mheshimiwa, ungepaswa uione mwenyewe. Siku mshahara unapoingia, simama karibu na mashine ya kutolea fedha pale mjini. Atakuja kijana na bunda la kadi za benki zilizofungwa kwa mpira, kila kadi imebandikwa kipande cha plasta chenye namba ya siri iliyoandikwa kwa kalamu. Anaingiza moja, anatoa fedha, anaandika kwenye daftari, anaingiza nyingine. Foleni nyuma yake inanung'unika. Kadi zile ni zetu, tulizomwachia mkopeshaji kama dhamana. Jioni mwenye kadi hupigiwa simu akachukue kilichobaki, na siku nyingine huambiwa hakuna kilichobaki.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na Benki Kuu imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wa daraja la pili, yaani wasiopokea amana. Kwa kiwango hicho mama yule angelipa riba ya 35,000. Wanaotutoza zaidi hawajifichi. Vibao vyao viko barabarani, umevipita ukija hapa.

Wengine wetu hunyimwa mkopo bila hata kuambiwa sababu. Mwalimu mmoja aliambiwa kwa mdomo tu kwamba jina lake si zuri. Alipofuatilia, akakuta mkopo wa simu wa shilingi 12,000 uliobaki kwenye laini aliyoipoteza, umeingizwa kwenye kumbukumbu za wakopaji zinazosomwa na benki zote.

Utauliza kwa nini tulikopa. Wapo waliokopa wakafanyia harusi, hilo hatulifichi. Ila wengi walikopa huku wakimdai mwajiri: malimbikizo ya kupanda daraja, posho za uhamisho. Yupo mwalimu hapa aliyehamishwa, akakodi lori la vyombo kwa fedha za kuazima, na hajarudishiwa mpaka leo. Anachodai yeye hakina riba. Anachodaiwa kinazaa kila mwezi.

Kwa hiyo tunadai kadi zote za walimu zirudishwe kwa wenyewe, na ofisi yako isimamie. Hili halihitaji kikao. Wakopeshaji waitwe na leseni zao na mikataba yao, na deni lililotozwa riba juu ya ukomo lihesabiwe upya. Huenda wengine tukakuta tulishamaliza kulipa.

Kwa upande wa benki, tunaomba uziite zikae na Afisa Utumishi. Anayekopa ili amalize deni asipimwe sawa na anayeongeza deni. Benki imlipe mdai moja kwa moja, fedha zisipite mikononi mwetu, maana tunajijua. Na anayenyimwa apewe sababu kwa maandishi pamoja na nakala ya taarifa zilizotumika kumnyima, ili kama kuna kosa alirekebishe.

Halmashauri nayo itupe orodha ya madai yetu yaliyohakikiwa na tarehe ya kulipwa. Tumechoka kujibiwa kwamba yanashughulikiwa.

Tunaomba majibu kwa maandishi kabla shule hazijafungwa Desemba. Wawakilishi wetu watatu watafika ofisini kwako Jumatatu na mikataba, ile michache ambayo tulipewa nakala yake.

Tunaomba kuwasilisha.