Projekta ya bei nafuu: iwashe kwanza, kisha ulipe

Tangazo lenyewe unalijua. Ka-projekta keupe kadogo kama boksi la viatu, mechi imejaa ukuta mzima, na chini yake maandishi: lumeni 12,000, 4K, ofa ya leo pekee, tuma nusu sasa na nusu nyingine ukipokea. Mtu anaangalia watoto wanavyobanana mbele ya simu kutazama katuni, anaangalia salio lake, anaingiza PIN.

Msimamo wetu ni kwamba projekta ambayo hujaiona ikiwaka usiilipie, hata iwe shilingi mia tano ya kushikiliwa. Tunajua kuna vitu vingi watu huagiza kwa picha na vikafika salama, viatu, sufuria, hata simu. Projekta ni kesi yake, kwa sababu karibu kila nambari iliyoandikwa kwenye boksi la projekta ya bei ya chini haikuambii kile unachodhani inakuambia.

Anza na hiyo 4K. Kwenye hizi ndogo, mara nyingi maana yake ni kwamba mashine inakubali kupokea video ya 4K, halafu inaipunguza hadi pale uwezo wake unapofika. Uwezo wenyewe ndio wa kuuliza: pikseli halisi ni ngapi? 1920 kwa 1080 ni nzuri. 1280 kwa 720 inavumilika kwa sinema. 800 kwa 480 hata maandishi ya chini ya filamu yatakusumbua, na kwenye gemu ya mpira hutajua ni nani ana mpira.

Lumeni nazo ni mchezo mwingine. Kuna kipimo kinachoitwa ANSI, ambapo mwanga hupimwa sehemu tisa za picha na kuchukuliwa wastani. Boksi likisema lumeni elfu kumi na mbili bila neno ANSI, chukulia kwamba hiyo nambari haipo kabisa. Projekta nyingi za elfu kumi kuja chini zina ANSI mia moja na kitu hivi, mia mbili zikijitahidi. Si ati hazifai. Usiku, taa imezimwa, pazia limefungwa, utaona sinema vizuri tu. Lakini mchana kwenye nyumba yenye dirisha kubwa utaona kivuli cha kivuli. Pia kumbuka kwamba mwanga ni ule ule, unaugawanya tu: picha ya inchi 100 ina eneo mara nne ya picha ya inchi 50, kwa hivyo kila sehemu inapata robo ya mwanga. Hiyo picha ya ukuta mzima kwenye tangazo imewekwa na kompyuta.

Pima chumba chako pia kabla ya kutoka nyumbani. Projekta yenye uwiano wa 1.3 inahitaji mita 2.6 kutoka ukutani ili kutoa picha yenye upana wa mita 2, yaani kama inchi 90. Kwa bedsita, hiyo inaweza kumaanisha projekta inakaa juu ya kitanda. Ukiiweka pembeni na kunyoosha picha kwa rimoti, unapoteza pikseli ambazo tayari zilikuwa chache.

Kwa wale wa gemu, hapa ndipo tunapokuwa wagumu kidogo. Kati ya kubonyeza na kuona mchezaji akipiga mpira, projekta inachukua muda kuandaa picha. Kwenye sinema hutaugundua. Kwenye gemu, milisekunde 100 zinatosha kukufungisha mabao na ukadhani kontrola imeharibika. Wauzaji wengi hawaijui hiyo nambari, na boksi haliitaji. Kwa hivyo kama gemu ndiyo kazi kubwa, na bajeti ni elfu kumi na tano, maoni yetu ni ununue TV ya inchi 32 na uachane na projekta mwaka huu. Si jibu tamu, lakini pesa ni yako na inauma ikipotea.

Ukiamua bado unaitaka, nenda nayo dukani kama mtu anayenunua gari. Luthuli Avenue pale Nairobi, au duka lolote la vifaa vya stima mjini kwenu, omba iwashwe. Beba flashi yenye filamu unayoijua, hasa ile yenye sehemu za giza. Angalia maandishi kwenye pembe za picha, si katikati pekee. Za bei rahisi husomeka katikati na kufifia pembeni. Omba waunganishe laptop kwa HDMI, usogeze mshale haraka, uone kama unachelewa nyuma ya mkono wako. Sikiliza feni. Na kama unategemea Netflix, uione ikicheza hapo hapo, maana nyingi hazina idhini yake, na ukijaribu kuirusha kutoka kwenye simu unapata skrini nyeusi yenye sauti.

Kuna pia zile kuukuu za ofisini. Mwanga wake huwa mkali kushinda hizi ndogo, ila zinatumia balbu, na balbu huisha baada ya saa elfu chache. Uliza menyu ionyeshe saa zilizotumika, kisha uliza bei ya balbu mpya kabla hujauliza bei ya projekta.

Sasa malipo, ambayo ndiyo kazi yetu. Lipa kwa till ya duka, na usome jina linalotokea kabla ya kuingiza PIN. Ukiambiwa till ina shida, tuma kwa namba ya bosi, uliza bosi ni nani na kwa nini jina lake halifanani na lile la mlangoni. Risiti iandikwe modeli na muda wa waranti. Tunasisitiza haya kwa sababu huduma ya kurudisha pesa ni ya mtu aliyekosea namba. Sisi tunaona pesa imetoka kwako ikafika kwake. Kilichokuwa ndani ya boksi hatukioni.

Lipa pole pole nayo, piga hesabu kwanza. Tuseme projekta ya elfu kumi na sita taslimu inauzwa kwa diposi ya 3,000 na shilingi 70 kwa siku mwaka mzima. Sabini inasikika kama pesa ya chai. Kwa siku 365 ni 25,550, ukiongeza diposi ni 28,550. Kama mashine ni ya kuingiza pesa, labda unaonyesha mechi mtaani, hesabu inaweza kukubali. Kama ni ya kutazama sinema Jumamosi, weka hizo sabini kwenye akiba kila siku na utafika elfu kumi na sita kabla miezi minane kuisha.

Na aliye Lodwar au Kitui, afanyeje? Kama mjini kwenu ipo kwa elfu moja zaidi, lipa hiyo elfu moja. Kama haipo, tafuta ndugu au rafiki aliye karibu na duka aiwashe akiwa kwenye simu na wewe, ndipo utume. La sivyo, kubali tu mpango wa kulipa ikishafika, na mwambie muuzaji mapema kwamba itawashwa kabla ya malipo. Mtu wa boda akisema hana muda wa kungoja uiwashe, mwache arudi nayo.