Uchambuzi: Uganda na safari ya wanasayansi kutoka Makerere hadi kiwandani

Mwanasayansi anayeacha chuo kikuu na kuingia kiwandani kwa kawaida huondoka peke yake, na utafiti wake hubaki kabatini. Nchini Uganda mambo yalikwenda kwa namna nyingine: mradi mzima wa Chuo Kikuu cha Makerere ulihama na kuwa kampuni ya kutengeneza magari.

Safari hiyo ilianza mwaka 2007, wanafunzi na wahadhiri wa Makerere walipojiunga na mpango wa kimataifa wa kusanifu magari ulioanzishwa na wanafunzi wa chuo cha MIT nchini Marekani. Novemba 2011, chini ya uongozi wa Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa, Makerere ilizindua Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Mwaka 2014 likafuata gari la viti vitano, na mwaka 2016 basi la Kayoola linalotumia umeme na nishati ya jua. Paul Isaac Musasizi, aliyekuwa mhadhiri katika mradi huo, ndiye aliyekuja kuwa mtendaji mkuu wa kampuni ya Kiira Motors.

Swali la kwanza ni nani aliyebeba gharama. Jibu ni serikali, ambayo inamiliki asilimia 96 ya hisa za kampuni hiyo, huku Makerere ikiwa na asilimia 4. Hata ujenzi wa kiwanda chake mjini Jinja, ulioanza mwaka 2019, ulikabidhiwa shirika la kibiashara la jeshi. Mahali ambapo mitaji binafsi haithubutu kusubiri kwa miaka mingi, dola ndiyo iliyokuwa mwajiri wa kwanza wa mtafiti.

Swali la pili ni kwa nini zaidi ya miaka saba ilipita kati ya uzinduzi wa gari la kwanza na kuanza kwa ujenzi huo. Fedha ni sehemu tu ya jibu. Chuoni, mtafiti hupimwa kwa upya wa anachokibuni, na gari moja linalotembea latosha kuthibitisha hoja yake. Kiwandani hupimwa kwa kufanana: basi la mia lazima liwe sawa na la kwanza, vipuri vipatikane, na mnunuzi aimudu bei. Mhandisi anayevuka hulazimika kujifunza upya maana ya kufaulu.

Jirani yake Rwanda imepita njia tofauti. Desemba 2023, kampuni ya Ujerumani ya BioNTech ilizindua kituo chake mjini Kigali kilichokusudiwa kuzalisha chanjo za teknolojia ya mRNA. Huko kiwanda kimetangulia, na wataalamu ndio wanaoandaliwa ili wakihudumie. Njia hiyo ni ya haraka zaidi, lakini maarifa ya msingi hubaki mikononi mwa mwenye kampuni.

Serikali ya Uganda, kwa upande mwingine, inawahitaji wanasayansi haohao darasani. Mwaka 2022 ilipandisha mshahara wa walimu wa sayansi wenye shahada katika shule za sekondari za umma hadi shilingi milioni 4 kwa mwezi, hatua iliyowafanya walimu wa masomo ya sanaa kugoma. Hakuna mgongano wa lazima kati ya mahitaji hayo mawili, kwa kuwa kila mhandisi wa Jinja alifundishwa na mtu fulani.

Hapo ndipo ile asilimia 4 ya Makerere inapopata uzito. Kiira Motors ikifanikiwa kibiashara, sehemu ndogo tu ya faida itarudi katika maabara zilizoizaa. Kampuni iliyochota wataalamu chuoni bila kurudisha chochote itakuta, baada ya kizazi kimoja, kisima kimekauka. Kwa nchi jirani zinazoutazama mfano huu, somo ni kwamba mkataba kati ya chuo na kiwanda uandikwe kabla ya wanasayansi kuvuka.