Moyo wa Mfanyakazi Haununuliwi kwa Fulana

Ndugu waajiri wa Ekerenyo, nyinyi wenye maduka ya mabati na saruji, wenye hoteli, shule za binafsi na zahanati, na nyinyi wakulima wa chai mnaosahau kwamba nanyi ni waajiri, neno la leo ni lenu. Kila mkikutana wimbo ni mmoja: vijana wa siku hizi hawana moyo wa kazi. Umemwajiri Januari, Machi kaaga. Au yupo, lakini mwili uko kaunta na roho iko kwenye simu. Nami nawauliza: siku ya kwanza alipokuja kwako amechomekea shati na viatu vinang'aa, moyo huo hakuwa nao? Basi nani aliyeutoa?

Msiniambie Mkisii hapendi kazi. Wazee wetu walikuwa na egesangio, majirani wachache wakilimiana mashamba kwa zamu. Hakukuwa na msimamizi wala daftari la mahudhurio, na watu waliamka alfajiri. Mwenye shamba wa leo alikuwa mlimaji wa kesho, kwa hiyo alijua uzito wa jembe na hakumdharau aliyelishika. Na kila mmoja alikuwa na hakika kwamba zamu yake itafika wala hapana mtu wa kuila. Angalieni sehemu zenu za kazi, mniambie kama mambo hayo mawili yapo.

Tuanze na majani chai, maana ndiyo yanayotulisha. Mchumaji hulipwa kwa kilo. Ukimlipa kwa kilo na usimwambie neno jingine lolote, atajifundisha mwenyewe kwamba jani gumu lina uzito kuliko chipukizi. Badala ya majani mawili na kichipukizi atavuta manne pamoja na kijiti chake. Jioni kituoni karani anaingiza mkono kikapuni, anapekua, anakataa, na hapo matusi yanaanza. Majani hayo yakipita kwa bahati, yanakwenda kiwandani, iwe Sanganyi, Tombe au Kebirigo, na chai inayotoka humo haiwezi kugombewa na wanunuzi kwenye mnada wa Mombasa. Bonasi ikija kiduchu mkulima hulaani kiwanda. Pengine ana haki ya kulaani, sisi wa huku magharibi ya Bonde la Ufa tumezoea kupata pungufu ya wenzetu wa mashariki. Lakini sehemu ya hasara ile ilianzia kikapuni, mikononi mwa mtu ambaye hakuna aliyemweleza kwamba ubora wa jani unamhusu, wala aliyempa hata shilingi ya shukrani bonasi ilipokuwa nono.

Na tazameni kituko hiki. Mkulima huyohuyo anayepiga kelele mkutanoni kwamba hakuelezwa makato yake, akirudi nyumbani humkadiria mchumaji wake kilo kwa macho. Stakabadhi ya mizani anayo mfukoni, hamwonyeshi. Lori limechelewa, mama wa watu amekaa kituoni hadi giza likaingia, kisha anaambiwa, "Njoo kesho, sina chenji." Mkulima wetu anajua vizuri uchungu wa kufichwa hesabu, ila anaujua kwa upande mmoja tu.

Mwaka 1990 msomi mmoja Mmarekani, William Kahn, aliandika juu ya moyo huu wa kazi baada ya kuwachunguza wafanyakazi wa kambi ya vijana na wa ofisi ya wasanifu majengo. Aliona kwamba mtu hujitia mzima katika kazi akiona ina maana, akiwa na nguvu za kuifanya, na akiwa na amani kwamba akisema lililo moyoni hataadhibiwa. Wasomi wameandika mengi tangu hapo, na makampuni makubwa yameyageuza kuwa fulana, keki na picha za pamoja. Fulana si dhambi. Lakini fulana yenye nembo ya duka juu ya tumbo lenye njaa ya mshahara wa miezi miwili ni kejeli.

Hilo la kusema bila hofu ndilo gumu kwetu. Tunalea watu wa "ndiyo bosi", tukiona kimya chao tunadhani ni adabu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka mwajiri, kabla ya kumfukuza mtu kwa utovu wa nidhamu au uzembe, amweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwapo, na amsikilize. Sheria hiyohiyo inampa likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka, siku moja ya mapumziko katika kila saba, na mkataba wa maandishi akiajiriwa kwa miezi 3 au zaidi. Ni wangapi kati yenu wanaotimiza hata nusu ya hayo? Na hicho ndicho kiwango cha chini kabisa, mapenzi bado hayajaanza.

Mtasema biashara ni ndogo na wateja wanakopa. Nakubali, mzunguko wa pesa hapa si wa Nairobi. Basi ukiona tarehe 25 mambo yamekaza, waite, uwafungulie daftari: tumeuza kiasi hiki, tunadaiwa kiasi hiki, nitalipa nusu tarehe 30 na nusu tarehe 10. Kisha tarehe 10 ulipe. Wala usijifiche, usizime simu, usimtume shemeji aje kusema umesafiri kwenda Kisii, na gari lako likaonekana Ikonge jioni ileile. Na siku moja katika mwezi ingia mwenyewe nyuma ya kaunta, upakue saruji, uoshe sufuria, uchume mistari miwili ya chai jua likiwa kali. Utajua kwa nini yule kijana aliomba glavu tangu mwezi wa pili, nawe ukamwambia ngoja.