Kriketi ya siku moja: Wapigaji wanaimbwa, warushaji wanabeba timu

Novemba 15, 2023, uwanja wa Wankhede, Mumbai. Nusu fainali ya Kombe la Dunia, India na New Zealand. Virat Kohli anafikisha mikimbio 100 kwa mara ya 50 katika mechi za siku moja na kumpita Sachin Tendulkar aliyekuwa na 49. Tendulkar mwenyewe yuko jukwaani, tena katika mji aliozaliwa. Kohli anamwinamia, uwanja unalipuka, na picha ile inazunguka dunia nzima.

Sasa ukimuuliza mtu leo nani alikuwa mchezaji bora wa mechi ile, wengi watakutajia Kohli. Siyo. Tuzo alichukua Mohammed Shami, mrushaji, aliyeangusha wiketi saba kwa mikimbio 57.

Mechi yenyewe ilikuwa ngumu kuliko matokeo yanavyoonyesha. India walipiga 397, mlima kabisa, lakini New Zealand walifika 220 wakiwa wamepoteza wapigaji wawili tu. Kane Williamson na Daryl Mitchell walikuwa wametulia kama wako mazoezini. Shami alishadondosha mpira wa wazi wa Williamson, kosa ambalo kwenye soka tungesema kipa kajifunga. Akarudi kurusha. Ndani ya ova moja akamtoa Williamson na kumtoa Tom Latham kabla hajapata hata mkimbio mmoja. Mchezo ukageuka pale. New Zealand waliishia 327.

Shami hakupangwa mechi nne za mwanzo za mashindano yale. Aliingia Hardik Pandya alipoumia, akacheza mechi saba, akamaliza na wiketi 24, nyingi kuliko mrushaji yeyote. Tuzo ya mchezaji bora wa mashindano ikaenda kwa Kohli na mikimbio yake 765. Sisemi Kohli kapendelewa, maana 765 ni rekodi ya Kombe la Dunia. Nasema tu tabia hii tunaijua hata sisi wa soka. Ballon d'Or ina miaka zaidi ya 60, na kipa aliyeibeba ni mmoja tu, Lev Yashin, mwaka 1963.

Kriketi nako ni hivyo hivyo. Tuzo ya mchezaji bora wa Kombe la Dunia la wanaume ilianza 1992. Hadi 2023 imetolewa mara tisa, na warushaji halisi waliochukua ni wawili, Glenn McGrath mwaka 2007 na Mitchell Starc mwaka 2015. Waliobaki ni wapigaji, au watu wa kazi zote mbili kama Lance Klusener na Yuvraj Singh.

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu: kila timu inapewa ova 50, na ova moja ni mipira sita, jumla 300. Mrushaji mmoja haruhusiwi kuzidisha ova 10. Yaani umchukue mkali wako, umwambie cheza dakika 18 kati ya 90, halafu kaa pembeni. Mpigaji hana ukomo huo, akiweza abaki tangu mpira wa kwanza hadi wa mwisho. Ndiyo maana Rohit Sharma mwaka 2014 aliweza kupiga 264 peke yake dhidi ya Sri Lanka. Mrushaji hawezi kuwa na siku ya namna hiyo hata akitaka.

Hapo ndipo takwimu zinapotudanganya. Tendulkar ana mikimbio 18,426 katika mechi 463, wastani wa 44.83. Muttiah Muralitharan ana wiketi 534 katika mechi 350, kila moja ikimgharimu mikimbio 23.08. Utazilinganishaje? Moja inapanda, nyingine inatakiwa ishuke. Ni kama kubishana kama mabao 30 ya straika ni makubwa kuliko mechi 20 za kipa bila kufungwa.

Njia ninayoikubali ni moja: mpime mtu na wenzake wa zama zake, halafu angalia aliwaacha umbali gani. Viwango vya ICC vya siku moja, vyenye pointi zisizozidi 1,000, hupima kwa mwelekeo huo. Mpigaji aliyewahi kufika juu zaidi ni Viv Richards, pointi 935. Mrushaji ni Joel Garner, pointi 940. Wote wa West Indies, timu moja, miaka ile ile. Mrushaji kamzidi mpigaji pointi tano, lakini taja jina la Garner kijiweni uone wangapi wanamjua.

Wawili hao walikuwa pamoja kwenye fainali ya 1979 pale Lord's. Richards alipiga 138 bila kutolewa. England wakajibu, wakafika 183 kwa wiketi mbili, kisha Garner akaamka. Kutoka 183 walikwisha wote kwa 194. Garner alichukua wiketi tano kwa mikimbio 38, na tuzo ya mechi ikaenda kwa Richards.

Garner alikuwa akitoa wastani wa mikimbio 3.09 kwa ova. Piga hesabu. Unatafuta 250, unahitaji mitano kila ova. Ova 10 za Garner zinakupa 31, basi. Zilizobaki 40 zinakudai 219, karibu mitano na nusu kwa ova, kwa hiyo unaanza kulazimisha. Unalazimisha kwa mrushaji mwingine, unatolewa, na wiketi inaandikwa kwa jina la huyo mwingine. Presha ya Garner haiandikwi popote.

Lakini tusiwaonee wapigaji. Mrushaji akipigwa sita, mpira unaofuata anaweza kumtoa yule yule aliyempiga. Mpigaji akikosea mara moja tu, safari imekwisha, anakwenda kukaa na kutazama wenzake. Kukaa na hatari hiyo kwa mechi 463, kama Tendulkar, huku nchi nzima inakuangalia wewe, si mchezo.

Isipokuwa sheria nazo zimewabeba. Tangu Oktoba 2011 kila upande wa ova 50 ulitumia mipira miwili mipya, mmoja kila mwisho wa uwanja. Maana yake hakuna mpira uliozeeka kupita ova 25, na mpira mkuukuu ndio uliokuwa silaha ya warushaji wa kasi wa Pakistan, ule unaopinda kwenda usikotegemea. ICC wenyewe waliona wamezidisha: mwaka 2025 waliamua kwamba baada ya ova ya 34 ubaki mpira mmoja. Kwa hiyo ukiona mikimbio ya vijana wa leo, kata kidogo kabla ya kuiweka kando ya ile ya Richards.

Na kama kuna watu wa kuwaambia warushaji wanashinda mechi, ni sisi Afrika Mashariki. Februari 29, 1996, Pune, India, Kenya walitolewa wote kwa 166 mbele ya West Indies. Mpigaji wao bora, Steve Tikolo, alipata 29. Mikimbio ya ziada, ile inayotokana na makosa ya wapinzani, ilikuwa 37. Kwa kupiga, Kenya hawakuwa na mechi. Rajab Ali akamtoa Brian Lara, Maurice Odumbe akachukua tatu kwa 15, na mabingwa wa dunia wa 1975 na 1979 wakafia 93. Miaka saba baadaye, Nairobi, Collins Obuya aliwamaliza Sri Lanka kwa wiketi tano na mikimbio 24 tu, na Kenya wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia.

Nairobi hiyo hiyo, Oktoba 1996, kijana Shahid Afridi aliletwa kikosini Pakistan kama mrushaji. Akapandishwa apige, akafikisha 100 kwa mipira 37. Alistaafu na wiketi 395. Mtaje leo, mtu atakwambia ile mipira 37.

Sasa orodha yangu, mnipige mawe. Wa kwanza Richards. Wastani wa 47, kasi ya mikimbio 90 kwa kila mipira 100 enzi ambazo 65 ilikuwa heshima, na juu yake wiketi 118. Wa pili si Tendulkar. Ni Wasim Akram, wiketi 502. Fainali ya 1992, England wako 141 kwa wiketi nne, anamng'oa Allan Lamb vijiti, mpira unaofuata anamng'oa Chris Lewis. Na kabla ya hapo alishapiga 33 kwa mipira 18. Wa tatu Garner, kisha Tendulkar, Muralitharan, na Kohli wa sita kwa sasa.

Naandika kwa sasa kwa sababu Kombe la Dunia la 2027 linakuja huku kwetu Afrika, litachezwa Afrika Kusini, Zimbabwe na Namibia, na ile sheria mpya ya mpira mmoja itakuwepo. Mkali wa kurusha ova za mwisho na mpira uliochakaa ndiye nitakayemtazama kwanza.