Tusiwe Mkono wa Dhalimu



Ndugu wasomaji, jina la Sheikh Omar al-Mukhtar si geni majumbani mwetu. Lisilosimuliwa sana ni yale aliyoyatenda baadaye jenerali wa Kitaliano aliyemuangamiza.

Mwaka 1930 Rodolfo Graziani alipewa amri ya kuitiisha Barqa, mashariki ya Libya. Alizifunga zawiya za Wasanusi na kuzitwaa mali zao. Watu wapatao 100,000, wazee, wanawake na watoto, waliswagwa pamoja na mifugo yao hadi kambi za jangwani, na makumi ya maelfu wakafia huko kwa njaa na maradhi. Tarehe 16 Septemba 1931, huko Soluch, mwalimu yule wa Qur'ani, mzee wa zaidi ya miaka 70, alinyongwa mbele ya wafungwa walioletwa kushuhudia.

Haikupita miaka sita, Graziani akawa mtawala wa Uhabeshi, nchi ambayo Najashi wake aliwapa hifadhi Masahaba. Aliporushiwa mabomu ya mkono mjini Addis Ababa tarehe 19 Februari 1937, raia waliuawa kwa siku tatu. Mwezi wa Mei aliamuru watawa wa Debre Libanos wauawe, kwa tuhuma ya kuwaficha waliomshambulia. Kazi hiyo walipewa askari Waislamu wa jeshi la kikoloni, nao wakawapiga risasi mamia ya watu wasio na silaha.

Hapa pana funzo zito. Aliyezifunga zawiya hakuwa rafiki wa Uislamu; aliazima mikono ya Waislamu tu, ili damu ya Wakristo iwarukie wao. Tukimlilia Sheikh Omar na kuinyamazia Debre Libanos, tutakuwa tumewalilia jamaa zetu, hatukuililia haki. Aya ya 8 ya Suratul Maida inatuamrisha uadilifu hata kwa tunaowachukia, sembuse kwa wasiotukosea?

Mwaka 1950 Graziani alihukumiwa kwa kushirikiana na Wajerumani, akakaa gerezani miezi michache tu. Kwa damu ya Libya na ya Uhabeshi hakuna mahakama iliyomuuliza. Hesabu hiyo iko kwa Mola asiyesahau, na humo wamo walioamuru na waliotii.

Basi wazazi wenzetu, tuwasimuliapo watoto kisa cha shujaa wa Barqa, tukiunganishe na hiki cha pili. Wakue wakijua kumpinga dhalimu, na wajue pia kumnyima mikono yao.

Wabillahi tawfiq.