Olimpiki ao mashindano ya feza? Mbele ya kuhukumu muchezaji, inchi ijiulize imemupa nini

BUTEMBO – Kila mara timu ya taifa inapoita wachezaji na mumoja wao anabakia kwa klabu yake, neno ni lile lile, pembeni ya uwanja wa Matokeo hapa Butembo na pembeni ya Kalinda kule Beni: "Huyo anapenda feza kuliko inchi." Neno hilo linatoka haraka. Na mara nyingi linatoka kinywani mwa mutu ambaye hajatoa hata franka moja kwa ajili ya muchezaji huyo, hata siku alipokuwa akicheza bila viatu.

Katika tenisi mabishano hayo yanarudi kila miaka mine: muchezaji wa kulipwa atangulize Michezo ya Olimpiki, ao atangulize muzunguko wa mashindano yanayomulisha? Ni kweli, tenisi haina wafuasi wengi huku Grand Nord. Watoto wengi wa Furu ao wa Boikene hawajawahi kushika raketi. Lakini tenisi inaonyesha jambo hili wazi kuliko mupira wa miguu. Muchezaji wa mupira ana klabu yenye kumulipa mushahara, hata kama unachelewa. Muchezaji wa tenisi hana. Tiketi ya ndege, hoteli, kocha, munganga wa magoti, yote yanatoka katika mufuko wake. Akishinda anakula. Akishindwa juma la kwanza, anarudi nyumbani na deni.

Mutu atazame hesabu. Mwaka 2024, pale Wimbledon, muchezaji aliyeshindwa katika mechi yake ya kwanza kabisa ya wakubwa alipewa pauni 60,000. Pale US Open mwaka huo huo, aliyeshindwa mechi ya kwanza alipewa dola 100,000. Katika tenisi ya Olimpiki ya Paris, mashindano yenyewe hayakulipa kitu hata kwa yule aliyechukua zahabu. Kama inchi yake inataka kumupongeza kwa feza, hilo ni jambo la inchi yake. Tena, tangu Michezo ya Rio mwaka 2016, Olimpiki haitoi hata pointi za orodha ya dunia, na pointi hizo ndizo zinazomufungulia muchezaji mulango wa mashindano makubwa. Kwa hiyo juma la Olimpiki, katika kitabu cha hesabu cha muchezaji, ni juma la kutoka tu, bila kuingiza.

Na kalenda haihurumii mutu. Mwaka 2024 Wimbledon ilimalizika tarehe 14 Julai juu ya majani. Tenisi ya Olimpiki ikaanza tarehe 27 Julai juu ya udongo mwekundu wa Roland Garros. Kisha US Open ikaanza tarehe 26 Agosti juu ya uwanja mugumu. Viwanja vya namna tatu katika majuma sita. Ons Jabeur wa Tunisia, mwanamuke Mwafrika aliyefika fainali tatu za mashindano makubwa, alitangaza Juni 2024 kwamba hataenda Paris: wanganga walimwambia kwamba kubadilisha uwanja haraka namna hiyo kungeweka goti lake katika hatari. Je, huyo alisaliti Tunisia? Alikuwa amekwisha kuichezea katika Olimpiki tatu: London 2012, Rio 2016 na Tokyo. Mutu aliyebeba bendera mara tatu, na mara ya ine akasema goti linauma, si musaliti.

Upande mwingine kuna Novak Djokovic wa Serbia. Tarehe 4 Agosti 2024, akiwa na miaka 37, alimushinda Carlos Alcaraz na kupata zahabu ya Olimpiki aliyoitafuta tangu Beijing 2008, ambako alipata shaba. Alilia mbele ya dunia nzima. Wengi walisema: oneni, mushindi wa mataji makubwa 24, lakini aliweka inchi mbele. Ni vizuri, lakini watu wasisahau kwamba Djokovic alikuwa amekwisha kushiba. Mutu mwenye gala lililojaa anaweza kufunga safari ya sherehe wakati wa mavuno. Mulimaji wa kakao wa Mbau ao wa Mavivi, ambaye hata kufika shambani kwake ni kuweka maisha hatarini, hawezi kuacha mavuno ya juma moja kwa sababu ya sherehe, hata kama sherehe ni ya ndugu yake. Na akibakia shambani, hakuna mutu atakayesema hapendi ndugu yake.

Mufano unaogusa zaidi uko karibu na hapa, Nairobi. Angella Okutoyi alilelewa na nyanya yake pamoja na pacha wake, sababu mama yao alikufa kisha kuwazaa. Julai 2022, pamoja na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, alishinda taji la Wimbledon la wasichana wawili wawili. Hakuna Mukenya aliyekuwa amepata taji la namna hiyo mbele yake. Machi 2024, katika Michezo ya Afrika pale Accra, alipata zahabu ya wanawake, mutu mumoja mumoja. Zahabu hiyo ilikuwa ni nafasi ya kwenda Olimpiki ya Paris. Lakini ilikuwa na sharti: Juni awe ndani ya watu 400 wa kwanza katika orodha ya dunia. Hakufika, na Paris ilipita bila yeye.

Hapa ndipo watu wenye kusema "Olimpiki kwanza" wanapaswa kunyamaza kidogo na kufikiri. Okutoyi hakukataa bendera. Aliishinda kabisa nafasi ya kuibeba, katika mashindano ya Afrika. Kilichomufungia mulango ni pointi, na pointi zinapatikana katika muzunguko wa kulipwa, si kwingine. Kuzitafuta ni kusafiri kila juma, inchi hii na inchi ile, katika mashindano madogo ya wanawake ambayo feza zake zote ni dola 15,000, zinazogawanywa kwa wachezaji wote. Mushindi mwenyewe hapati hata robo yake. Mwenye kutoka familia isiyo na feza atalipa tiketi hizo kwa nini? Kwa hiyo kuuliza "Olimpiki ao muzunguko?" ni kama kuuliza "kufika Kasindi ao kupita barabara?" Barabara ndiyo inayofikisha Kasindi. Bila muzunguko, hakuna Olimpiki.

Tena kuna jambo ambalo Wakongomani wengi hawakuliona. Katika fainali hiyo ya Wimbledon ya 2022, upande wa pili wa wavu kulikuwa wasichana wawili wa Kanada, na mumoja wao aliitwa Victoria Mboko. Wazazi wake ni Wakongomani. Waliondoka Kongo, yeye akazaliwa Marekani mwaka 2006 na akakulia Kanada. Siku ile Okutoyi ndiye aliyeshinda. Lakini Agosti 2025, pale Montreal, Mboko mwenye miaka 18 alichukua taji la Kanada la wakubwa, akimushinda katika fainali Naomi Osaka, aliyewahi kuwa namba moja wa dunia. Aliingia katika mashindano hayo kwa mwaliko wa pekee, na nyuma yake kulikuwa shirikisho la tenisi la Kanada, lenye kituo cha mazoezi katika muji huo huo.

Wasichana wawili, siku moja, uwanja mumoja. Kisha miaka mitatu, mumoja yuko juu kabisa na mwingine bado anapanda kilima. Haiwezekani kusema kwamba tofauti ni moyo ao mapendo ya inchi. Tofauti kubwa ni mikono inayosukuma. Siku Kanada itakapomuita Mboko kwa Olimpiki, itakuwa inamuita mutoto iliyemupa uwanja na mwaliko wakati alipouhitaji. Na kama angebakia Kongo, ni nani leo angejua jina lake?

Wengine watajibu: lakini michezo si feza tu, na Olimpiki inampa mutu mudogo sauti ambayo feza haiwezi kununua. Jibu hilo ni la kweli, na watu wa Beni na Butembo wanalijua kuliko wengi. Februari 2024, mbele ya nusu fainali ya Kombe la Afrika pale Abidjan, Léopards waliimba wimbo wa taifa mukono mumoja ukifunika kinywa na vidole viwili vikielekezwa kichwani kama bunduki. Miezi michache kisha, katika Olimpiki ya Paris, Marcelat Sakobi, musichana wa ngumi, alishindwa na mupinzani wake wa Uzbekistan. Mbele ya kushuka ulingoni alifanya alama hiyo hiyo. Alishindwa pigano, lakini kamera za dunia zilimutazama, na kwa dakika chache dunia ilisikia kwamba mashariki ya Kongo watu wanauawa na wengine wananyamaza. Muji wa Beni, wenye kuzika watu wake tangu Oktoba 2014, hauwezi kuita jambo hilo dogo. Hakuna mashindano ya feza ambayo yangemupa Sakobi nafasi hiyo.

Kwa hiyo Olimpiki ina bei yake. Kwa inchi ambayo haijapata hata medali moja ya Olimpiki tangu ianze kwenda, kufika tu pale na bendera ni jambo kubwa. Muchezaji Mukongomani ambaye mulango umefunguka mbele yake, mwili wake ukiwa muzima na safari yake ikiwa imelipwa, afanye yote aende. Aache mashindano ya juma hilo. Feza za juma moja zitapatikana tena. Nafasi ya kusimama mbele ya dunia kwa jina la watu wako inaweza kutorudia.

Lakini hata hilo lisifanywe sheria ya kuwafunga wengine. Jina la Kivu linabebwa pia na mashindano ya feza. Jonathan Kuminga, aliyezaliwa Goma mwaka 2002, alipata ubingwa wa NBA mwaka 2022 akiwa na Golden State Warriors. Vijana wengi wa Marekani walisikia jina la Goma kupitia yeye, na haikuwa kwa medali ya Olimpiki.

Basi muzigo uwekwe mahali pake. Inchi inayotaka kuwekwa mbele na wachezaji wake inapaswa kwanza kuwatangulia. Kinshasa ilipokaribisha Michezo ya Francophonie mwaka 2023, viwanja vilijengwa na vingine vikatengenezwa. Ilionekana wazi kwamba serikali ikitaka, feza za michezo zinapatikana. Huku Grand Nord zinahitajiwa kwa mambo matatu ambayo si ya ndoto.

La kwanza, kijana aliyechaguliwa kwa jimbo ao kwa taifa alipiwe safari yake mbele, si kuambiwa alipe mwenyewe kisha atarudishiwa. La pili, akiumia akiwa amevaa rangi za inchi, atunzwe na inchi hadi apone. Wazazi wengi hapa wanaogopa kuachilia watoto wao kwa sababu hiyo moja tu: mutoto anaenda na miguu miwili, anarudi na fimbo, na hakuna anayeuliza habari zake. La tatu, wenye kuchagua waseme mbele ya watu wote wanachagua kwa kipimo gani, ili kijana wa Beni ajue kwamba kasi yake inahesabiwa sawa na kasi ya kijana wa Kinshasa. Tangu Goma iingie mikononi mwa M23 Januari 2025, wakubwa wa jimbo wanafanyia kazi Beni. Uwanja wa Kalinda hauko mbali na ofisi zao. Wanaweza kwenda kwa miguu na kuona watoto wanafanya mazoezi na nini.

Vijana wanaokimbia asubuhi kwenye vilima vya Butembo, na wale wa Nyuki na wa Capaco wanaota kuvuka mupaka wa Kasindi ili kutafuta mukataba, siku moja wataulizwa swali hilo hilo: bendera ao mukate? Mutu mwenye kuwauliza aangalie kwanza mikono yake. Kama iliwahi kusukuma, ana haki ya kuuliza na ana haki ya kukasirika akijibiwa hapana. Kama haikusukuma, ashangilie wanapoenda, na ashangilie vilevile wanapobakia kazini.