Rehani ya Nyumba na Sahihi ya Mke

 

Ndugu Waislamu, nyumba katika miji yetu hujengwa polepole. Familia hununua kiwanja, hufyatua matofali, huezeka vyumba viwili na kuhamia, dari ikisubiri mwaka wa neema. Mikopo ya kununulia nyumba iliyokamilika, ambayo Bunge la Tanzania liliitungia sheria maalumu mwaka 2008, huwafaa zaidi wenye mshahara wa uhakika. Wengine hukutana na benki kwa mlango mwingine: nyumba imekwisha simama, baba anataka mtaji wa duka, hati inapelekwa kuwekwa rehani.

Rehani yenyewe haina ubaya. Imetajwa katika Suratul Baqara, aya ya 283, na Mtume (S.A.W.) alifariki deraya yake ikiwa rehani kwa Myahudi kwa ajili ya shayiri. Kilichoharamishwa ni riba, nayo haihalalishwi na sahihi ya mtu yeyote.

Tunalotaka kulisema leo ni ridhaa ya mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ya ridhaa ya mwenziwe. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 114, nayo inataka sahihi au ushahidi wa ridhaa ya mwenzi anayeishi humo.

Wapo wasemao, na miongoni mwao wamo wasomi, kwamba mali ni ya mume na Sharia imempa kila mtu uhuru juu ya mali yake, basi ridhaa ya nini? Hoja hii ina nusu ya ukweli. Umiliki ni wake iwapo fedha zote ni zake (na vitumbua vya kina mama vimenunua mabati mengi mjini). Lakini makazi ni haki ya mke. Suratut Talaq, aya ya 6, imewapa makazi hata waliomo edani, seuze aliye ndani ya ndoa! Uhuru wa mwenye mali hukomea pale anapowadhuru wenye haki juu yake. Kwa hiyo hapa sheria ya nchi haikupingana na Sharia, bali imeilinda haki iliyokwisha kuthibiti.

Mwenye wake wawili ajihadhari zaidi. Kumchukua mke wa pili akatie sahihi rehani ya nyumba anayoishi mkubwa wake ni uongo na ni khiyana ya amana.

Deni lisipolipwa, benki hutoa notisi ya siku 60, kisha inaweza kuuza. Mara nyingi ni katika siku hizo ndipo mama anaposikia habari ya rehani kwa mara ya kwanza, tena kwa dalali.

Mke mwenye shaka anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati. Na anayeletewa karatasi atie sahihi, hata ikiwa ya murabaha, aulize kwanza kiasi cha deni, muda wake, na deni hilo ni la nani. Maana wapo waume wanaowadhamini marafiki kwa nyumba za watoto wao.